Bomba Jipya la Baba Nasra

Sogeeni mbele, wa nyuma wapate nafasi, mnisikilize kidogo.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtaani wakimwita Baba Nasra. Siku ya Ijumaa alitarajia wageni wa posa ya binti yake, watu wa heshima zao kutoka mji mwingine, na roho yake ilikuwa juu juu. Kwa nini? Choo. Kila kikimwagiwa maji, yanarudi. Hebu jiulize, mkwe mtarajiwa aingie humo akute mambo yale. Hiyo posa itabaki na sura gani?

Jumanne akaita fundi. Fundi akang'oa bomba la chuma lililooza, akaleta la plastiki, jipya, linang'aa. Sasa likabaki lile la zamani ambalo marehemu baba yake alilizika chini ya sakafu, ndiko la plastiki liungwe. Kabla ya kuunga, fundi akapitisha waya mle ndani. Ukatoka na udongo mbichi.

"Mzee, huko mbele limepasuka," akasema. "Maji hayafiki kwenye shimo lako la choo. Tuvunje sakafu ya sebule tulifuate."

"Sebule nimeweka vigae juzi tu, fundi. Na wageni ni Ijumaa. Niambie, maji yatashuka au hayatashuka?"

"Kushuka nikizibua yatashuka. Ardhi hii ni mchanga, inakunywa tu."

"Basi unga."

Fundi akazibua, akakwangua kutu, akapasha mdomo wa plastiki kwenye jiko la mkaa mpaka ukalainika, akauvisha juu ya chuma, akaubana sawasawa. Tangu hapo bwana yule hakutulia. Mtu akitoka chooni, yeye huyo nyuma ya nyumba, anapapasa kile kiungo, ananusa kiganja. Pakavu. Baada ya saa moja anarudi tena. Pakavu vilevile, na bado moyo unamwenda mbio.

Ijumaa wageni wakaja, wakala, posa ikakubaliwa. Magharibi inakaribia, mabomba ya mji yakakatika maji. Jasho likamtoka. Wageni watatawadha na nini? Mara akasikia hodi mlango wa uani. Ni jirani yake, mama mjane, ana ndoo mbili, anatabasamu.

"Baba Nasra, nimesikia mna ugeni na maji hakuna. Pokea haya. Mola ni mwema, kaka yangu. Kisima changu kilikuwa kinakauka na ukame huu, lakini tangu Jumatano maji yamepanda."

Tangu Jumatano. Bwana yule akazitazama zile ndoo. Alielewa. Nyuma yake wageni wameshakunja mikono ya kanzu, wanangoja. Akisema ukweli, posa inamfia mlangoni. Asiposema?

"Ahsante, dada," akasema, akazipokea.

Wageni wakatawadha. Na kwa kuwa ndiye mwenyeji, wakamsogeza mbele awaswalishe.

Naona mnatikisa vichwa. Msimhukumu haraka, maana yule bwana ni sisi. Umemsema mtu vibaya, ukaomba toba, kifua kikawa chepesi. Umeuza mzigo mbovu, ukatoa sadaka, ukalala vizuri. Tunafunga bomba jipya kila Ramadhani, na uchafu usiporudi ndani kwetu tunashukuru. Umeshuka. Lakini umeshukia kwa nani? Tunapapasa pale penye kiungo, tunapakuta pakavu, na waya tuliuona umetoka na udongo.

Wewe unamjua aliye upande wa pili wa ukuta wako. Pengine bado anakusalimia kwa furaha, anakuombea dua, hajui anachokunywa. Mimi wangu namjua. Nikitoka hapa nakwenda kwake kumwambia, na kusema kweli, ndugu zangu, naogopa.