Mwalimu Aliyejibu "Haiendi"

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, kuni zipo, na usingizi bado uko njiani.

Hapo zamani za kale, vilima vilipokuwa vikilala na kuota kama watu, palikuwa na vilima saba vyenye ukungu. Kila kilima kilikuwa na shule moja, na kila shule ilikuwa na mwalimu mmoja. Katikati ya vilima hivyo palikuwa na kisima.

Kila asubuhi walimu walikutana hapo kuchota maji, nao walikuwa na desturi yao. Mmoja aliuliza, "Kazi?" Mwenzake akajibu, "Inakwenda." Kisha kila mtu akajitwika mtungi wake na kupotelea ukunguni. Jibu lingine halikuwapo.

Naetwe alikuwa mwalimu wa kilima cha saba. Watoto wake waliimba vizuri, walipanga mstari vizuri, lakini kusoma hawakujua. Aliwaandikia herufi mchangani. Kesho yake zilikuwa zimewatoka kichwani kama umande. Jumbe, mkuu wa vilima vile, alikuwa amekwisha kumwambia, "Mtama ukiwa mwekundu nitakuja. Nisipokuta hata mtoto mmoja anayesoma, nyumba hii ya shule nawapa mbuzi wangu."

Tangu siku hiyo beberu wa Jumbe akawa anakuja kuchungulia.

"Mwalimu, mlango huu pembe zangu zitapita?"

"Nenda zako."

"Naenda. Napima tu."

Mtama ukachanua. Kisimani, Mshana, mwalimu wa kilima cha tatu, akauliza, "Kazi?" Naetwe akajibu, "Inakwenda." Beberu akapima mlango.

Mtama ukatia punje. "Kazi?" "Inakwenda." Beberu akapima dirisha.

Mtama ukaanza kuona haya, ukaiva mashavu. Asubuhi hiyo Naetwe aliwahi kisimani, akaketi kumtazama mnana akisuka kiota kwenye matete.

"Mnana, nani alikufundisha kusuka?"

"Kiota changu cha kwanza kilianguka mbele ya wenzangu wote," akasema mnana. "Walicheka mpaka wakachoka. Walipochoka, wakanionyesha."

Mshana akatokea ukunguni na mtungi wake. "Kazi?"

Naetwe akayatazama maji. "Haiendi."

Ukungu ukasimama. Hata maji mtungini yakaacha kulia.

"Umesemaje, dada?"

"Haiendi, kaka Mshana. Naandika, wanatazama, wanasahau."

Mshana akatua mtungi. Akatazama mbele, akatazama nyuma, kama mwizi wa ndizi. "Wangu wanasoma," akanong'ona. "Nachora herufi kubwa uwanjani, wanazitembea kwa miguu. Sikusema, maana mtu akipita ataona tunacheza. Ila hawakai, dada. Jua likifika utosini, wote wako mtoni."

"Wangu hawatoroki. Asubuhi naanza hadithi, naikata patamu, naimalizia jioni."

Wakatazamana. Wakacheka mpaka matete yakatikisika, na nyuma ya matete akainuka Kiondo wa kilima cha pili, aliyekuwa akingoja zamu yake. "Na yangu haiendi," akasema. "Nipeni nafasi niketi."

Mnana akaruka. "Mimi nina mabawa na sina siri," akasema. "Lililoshindikana nitalipeleka, lililofaa nitalirudisha."

Akaenda, akarudi, akaenda tena. Kila alikopita aliburuta unyasi, na nyasi zikaning'inia ukunguni kutoka kilima hadi kilima, mpaka vilima saba vikawa kama kiota kimoja.

Watoto wa Naetwe wakatembea herufi. Wakatembea asubuhi, wakatembea mchana, wakatembea jioni, wakingoja mwisho wa hadithi.

Mtama ukawa mwekundu. Jumbe akaja, na nyuma yake beberu na ukoo wake mzima, wamebeba hata majani ya kulalia. Jumbe akaandika neno mchangani kwa fimbo, akamwita binti mdogo aitwaye Sinde.

Sinde akafumba macho. Miguu yake ikakumbuka, ikatembea pale pale. Akafumbua macho, akasema polepole, "Mbuzi."

"Ameniita?" akauliza beberu.

"Amekusoma," akasema Jumbe. "Twende nyumbani."

Tangu hapo, walimu wa vilima vile wakikutana kisimani huulizana, "Kazi?" Na anayejibu "Haiendi" hupishwa aketi kwanza.

Basi hadithi yangu imefika ukingoni, nami nimetua mtungi. Kama kuna mahali haikwenda, niambieni kabla moto haujazimika.