Kwa Nini Njia ya Chemchemi Inazunguka Rundo la Mawe

Kila kiangazi, enzi za mababu wa babu zetu, watu wa Juu na watu wa Bondeni waliuana kwa ajili ya chemchemi hii. Wageni wakiliona rundo hili la mawe hutuuliza kama wazee wetu walikuwa wakatili. Walikuwa. Ila zamani hizo njia haikupinda. Ilipanda moja kwa moja kati ya marundo mawili, kila upande na lake.

Hayakuwa makaburi. Aliyeua alibeba jiwe kutoka korongoni, akalisimamisha upande wa kwao, mahali ambapo adui angeliona. Maiti waliachiwa fisi.

Naghenjwa, mjane wa Bondeni, alikuwa amempoteza Senkondo, mwanawe wa kwanza. Wa pili, Kirita, naye alitakiwa vitani. Asubuhi, siku moja kabla ya vita, mama huyo alichukua unga na pombe ya tambiko, akapanda hadi kwenye rundo la Juu. Aliyekuwa akililinda ni Mbonea, kijana wa majigambo.

"Jiwe la mwanangu Senkondo ni lipi?"

Mbonea akacheka. "Mama, umepotea. Hapa si makaburini. Hizi ni sifa zetu."

"Na sifa zako mwenyewe huzikumbuki? Nionyeshe. Nina mwingine, wanamleta kesho. Nataka nijue mtamweka wapi, awe karibu na kaka yake."

Kicheko kikamkauka. Jiwe lile alilikumbuka kwa uzito wake, lilimchubua bega. Akalionyesha kwa kidole. Naghenjwa akapiga magoti, akamwaga unga na pombe, akamwita mwanawe kwa jina. Alipoinuka alisema, "Kwetu nako kuna jiwe la kaka yako. Lina ufa. Mwambie mama yako."

Usiku huo maneno hayo yalipita kutoka mama hadi mama, na kesho yake wapiganaji waliwakuta wanawake wameketi: wa Bondeni kwenye rundo la Juu, wa Juu kwenye rundo la Bondeni. Mkuki usingepita bila kumpata mama wa mtu.

"Ondokeni, tuna kazi!" akafoka kiongozi wa Juu.

"Kazi gani," mkewe akamjibu kutoka ng'ambo, "na tangu juzi unachechemea?"

Wengine wakacheka, wa pande zote mbili. Jua likapanda. Mmoja akaketi, kisha wenzake. Walikuwa wamechoka kwa miaka mingi. Walichokosa ni pa kukaa.

Vita havikuisha siku hiyo. Kiangazi kilichofuata walipigana kwa fimbo, na kilichofuata tena kwa matusi. Lakini jiwe la sifa halikusimamishwa tena. Kila aliyekufa, wa Juu au wa Bondeni, aliwekewa jiwe katikati, mpaka marundo yakaungana na njia ikazibika.

Tangu hapo njia huzunguka, na apitaye huongeza jiwe bila kuulizwa ni la nani.

Kirita alikufa mzee, kwa homa. Jiwe lake lilibebwa na Mbonea, kutoka korongoni.