Kikohozi Katika Shamba la Chai

Bi Tupokigwe alikuwa anamenya ndizi za jioni, viganja vimeshika utomvu, binti yake Sekela alipoingia uani na beseni tupu la vitumbua kichwani.

"Mama, Atupele amerudi?"

"Bado yuko kwenye kukimbia kwake."

"Basi anakimbilia wapi? Stendi hajapita. Kila jioni akipita namtania. Leo nimefunga biashara na utani wangu mdomoni."

Bi Tupokigwe aliweka kisu chini. Akatazama sufuria iliyokuwa jikoni. Yale yalikuwa maji ya kuoga ya mke wa mwanawe. Yalikuwa yamechemka, akayapunguzia moto, yakachemka tena. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na mvua ya milimani imeanza, ile isiyo na haraka ya kunyesha wala ya kuisha.

Hawa ni watu wa vilima vya Rungwe, watu wa chai na ndizi. Katika ukoo ule hakuna mtu mzima aliyekuwa anakimbia. Kwao, mtu mzima akionekana anakimbia, basi ama kuna msiba au kuna mwizi.

Wiki ya kwanza Atupele alipoolewa pale, alivaa suruali yake ya mazoezi, akajifunga kanga juu yake kwa heshima, akatoka kukimbia. Kabla hajafika barabarani, majirani walikuwa wameshaacha majembe na kujaa uani kwa Bi Tupokigwe.

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Ni mke wa Ambakisye. Anakimbia."

"Anakimbia nini?"

"Anakimbia tu."

"Anakimbia tu! Na wewe umemnyamazia?"

Alimnyamazia, ila si sana. "Kama nguvu zimebaki," alimwambia, "kuni ziko kule kule mlimani, uwe unarudi nazo." Wenzake Atupele wa kwaya walimwuliza anamkimbia nani, maana kama ni mume, yeye hata akitembea yule hampati. Na ni kweli, mumewe Ambakisye alikuwa anapanda pikipiki hata kwenda kununua chumvi. Akitaniwa, alijibu, "Mke wangu anatumia miguu yake na yangu. Sasa mimi nitembelee nini?"

Atupele alicheka nao. Kuanzia alfajiri alikuwa mali ya watoto, ya shamba, ya jiko na ya kikapu cha kuchumia chai. Ule muda mdogo wa jioni ndio ulikuwa wake. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamkaa moyoni kila alipovua viatu mlangoni. Miaka yote ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwuliza, "Leo umefika wapi?"

Sasa ndipo lilipokuja tatizo lenyewe.

Ambakisye aliitwa. Akawasha pikipiki papo hapo, akaigeuza kuelekea barabarani, kisha akasimama huku inanguruma.

"Huwa anapita wapi?" akauliza.

"Mke ni wako," Sekela akasema.

"Najua anapanda huko juu."

"Huko juu wapi? Huko juu ni chai tupu, kaka, na njia zake kama nyufa za kisigino."

Sekela alijua kwamba wifi yake hupita stendi. Bi Tupokigwe alijua kwamba hurudi kwa upande wa migomba. Katikati ya hapo hakuna aliyejua lolote. Na usiku wa huko ni wa baridi. Mtu aliyelowa akilala nje, asubuhi huwezi kujua utamkuta vipi.

Wakati huo huo mlango wa nyumba ndogo iliyokuwa ng'ambo ya ua ulifunguliwa, akatoka Mzee Mwaisaka, baba yake Ambakisye. Alitoka bila kukohoa. Bi Tupokigwe alipoona hivyo, ndipo hofu ilipompata hasa.

Asiyewajua watu hawa lazima aelezwe. Kwa desturi yao ya zamani, ambayo wengi wameilegeza lakini mzee huyu hakuilegeza, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani wala hawali pamoja. Wakielekea kukutana njiani, mwanamke anaacha njia na kujificha mpaka mzee apite. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Mzee Mwaisaka alikuwa hatoki nyumbani kwake bila kukohoa kwa nguvu, ili mkwewe asikie apishe. Tangu Atupele aolewe, hawakuwa wamezungumza hata neno.

"Mwambie mwanao azime hilo dude," mzee alimwambia mkewe.

Likazimwa.

"Siku kavu anaanza na stendi, anapanda kwa njia ya kanisa. Siku ya mvua kama leo anageuza, anaanza na mtoni, stendi anaimalizia. Kama stendi hajafika, bado yuko juu. Anavuka daraja la magogo. Pale chai inapogawanyika haingii njia kubwa, anashika ile nyembamba ya wachumaji, mkono wa kushoto. Anakwenda mpaka kwenye mkaratusi uliopigwa na radi. Anaugusa. Ndipo anageuka."

Ambakisye alishuka kwenye pikipiki.

"Anaugusa?" aliuliza.

"Gome limelainika mahali pa kiganja."

Bi Tupokigwe alimkazia macho mumewe. "Baba Ambakisye, wewe mtu hujawahi kumwona hata kisogo. Haya umeyajuaje?"

"Nisingeyajua tungekutana," mzee akasema. "Mimi ndiye nisiyetakiwa kuwa anakopita. Sasa nitaachaje kujua anakopita?"

"Kumbe ndiyo maana kila siku unachelewa kurudisha ng'ombe, nami nakugombeza maziwa yanachelewa!"

"Huwa nasubiri apite. Lete fimbo yangu."

Pikipiki haikuweza kupita kwenye njia ile, kwa hiyo Ambakisye alimfuata baba yake kwa miguu. Mzee alikuwa anatembea, lakini ili kuendana naye, kijana wake alilazimika kukimbia. Mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya njia alimwona, akatupa jembe.

"Jamani, Ambakisye anakimbia! Nani amefariki?"

"Hakuna!" Ambakisye alijibu bila kusimama, maana hata pumzi ya kuongeza neno la pili hakuwa nayo.

Walivuka daraja la magogo, wakashika njia ya kushoto. Ukungu ulikuwa mzito, mzee alimwona mwanawe na mwanawe alimwona mzee, basi. Ambakisye aliita njia nzima, "Atupele! Mama Lwitiko!" Hakujibiwa. Mzee alikuwa anakohoa, safari hii si kwa desturi, ni kwa baridi. Walifika kwenye mkaratusi, wakazunguka, wakaita tena. Kimya. Wakaanza kurudi kwa njia ile ile.

"Baba, labda ameanguka mtoni," Ambakisye alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayepanda pikipiki kununua chumvi.

Mzee alisimama ghafla.

"Hayuko mtoni. Tumempita."

"Umemwona?"

"Mimi sioni kitu, wala sitaki kuona. Fikiria. Ungekuwa wewe ni mke wa mtu, umelala kwenye mtaro na suruali ya kukimbilia, umelowa, kanga haipo, halafu unasikia kikohozi changu kinapita. Ungeitika?"

Ambakisye aligeuka kutazama njia waliyotoka.

"Amenisikia mimi, ndiyo maana hajakujibu wewe."

Mzee akavua koti lake, lile la sufu analokwenda nalo kanisani. Akalitundika juu ya mchai uliokuwa karibu, kisha akageuka, mgongo wake ukatazama shamba.

"Nyie michai," alisema kwa sauti, "mimi nimesahau koti langu hapa. Atakayelikuta alivae, nisilione tena mpaka limekauka. Na mimi naondoka. Sikilizeni ninavyoondoka."

Akaanza kushuka, akikohoa kila hatua chache, kwa nguvu kabisa, kama mtu anayepiga ngoma. Kikohozi kilienda kikififia kwenye ukungu. Kilipofika mbali, sauti ndogo ilitoka ndani ya mtaro, karibu kabisa na miguu ya Ambakisye.

"Baba ameshafika wapi?"

"Ameshafika mbali! Atupele! Mke wangu, nimekuita mpaka koo limekauka!"

"Nimekusikia. Ningeitikaje na baba yupo? Kanga imekwenda na maji."

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, kimevimba kama kiazi, na midomo ilikuwa inatetemeka. Ambakisye alimvisha lile koti, akambeba mgongoni. Giza lilikuwa linaingia na njia haikuonekana tena, lakini hawakupotea, kwa sababu kule mbele mzee alikuwa hajaacha kukohoa. Kila njia ilipogawanyika, alisimama akakohoa mpaka aliposikia kwato za mwanawe, kama alivyoziita, kisha akaendelea. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Walipokaribia nyumbani, Ambakisye alisimama kuvuta pumzi.

"Kila siku unapita hapa?" akauliza.

"Kila siku."

"Kwa hiari yako?"

Atupele alicheka, ndipo Ambakisye alipojua kwamba atapona.

Nyumbani yale maji yalikuwa bado ya moto. Bi Tupokigwe hakulia wala hakumkumbatia mtu. Alimwogesha mkwewe, akamfunga mguu kwa kitambaa, akamwambia asubuhi atapelekwa zahanati, akarudi kwenye ndizi zake.

Chakula kilipakuliwa. Mzee alikuwa chumba cha pili, kama desturi inavyotaka, na ukuta ulikuwa katikati. Hapo ndipo Sekela alipouliza swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Wifi, uliangukaje? Njia yako mwenyewe, unayoijua?"

Atupele aliinamisha kichwa. "Nilisikia kikohozi," akasema polepole. "Nikajua ni baba anakuja. Nikaruka mtaroni kumpisha."

"Lakini baba alikuwa hapa nyumbani!"

"Ndiyo. Nikiwa kule chini nikachungulia, nikaona ni ng'ombe."

Sekela aliweka sahani chini ili acheke vizuri. Ambakisye alipaliwa na maharage. Kisha wote wakakumbuka ukuta, wakanyamaza.

Baada ya muda sauti ilitoka upande wa pili.

"Mama Ambakisye. Hebu waulize, ng'ombe wa nani?"

"Wa Mwakipesile, anasema."

"Nilishamwambia Mwakipesile yule ng'ombe anaumwa."

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia, hata Bi Tupokigwe mwenyewe. Kicheko kilipotulia, Ambakisye alifuta macho, akasema kama baba mwenye nyumba, "Haya, tumecheka. Ila mambo ya kukimbia sasa yameisha."

Atupele aliutazama mguu wake uliofungwa.

"Mama Ambakisye," ukuta ukasema, "hebu mwulize huyo, nani kasema yameisha?"

"Baba, angekufa kule!"

"Mwambie nimetumia miaka kujifunza saa zake. Akiacha, mimi nitajuaje saa ya kwenda kuchukua ng'ombe? Mguu ukipona, aende. Mtaro ule wewe Ambakisye utauziba kwa magogo. Na maziwa yataendelea kuchelewa, anayetaka kugomba agombe."

Kisha sauti ile ile ikaongeza kwa chini, "Mama Ambakisye. Mwulize pia, leo kabla hajaanguka alikuwa amefika wapi?"

Bi Tupokigwe alimgeukia mkwewe. "Umesikia? Leo ulifika wapi?"

Atupele alivuta lile koti la sufu begani.

"Mwambie baba nilifika mpaka kwenye mkaratusi. Niliugusa."

"Amesema aliugusa," Bi Tupokigwe alirudia, ingawa hapakuwa na haja, maana ukuta ule ulikuwa wa mabanzi.

"Vema," ukuta ukajibu.

Bi Tupokigwe aliinua mwiko, akaanza kuwahesabu kama afanyavyo kila jioni kabla ya kufunika sufuria. Sekela. Ambakisye. Watoto wote wawili. Atupele na mguu wake. Akageuka upande wa ukuta, akasikiliza. Mzee akakohoa.

"Haya, tumetimia," akasema. "Kuleni, ndizi zikipoa hazilainiki tena."

Funzo: Usidhani asiyekimbia pamoja nawe hajui unakopita. Nyumbani mwako wapo wanaokucheka mchana na bado wanakuwekea maji ya moto jioni, na yupo anayekupenda kwa kukupisha njia tu. Mpelekee ujumbe huu mmoja wao, na wewe leo umwulize amefika wapi.