Panya wa Nyumba ya Fisi

Mwaka ule mvua iliisusa nchi ya wanyama. Mito ikakauka, nyasi zikageuka majivu, na kikabaki kisima kimoja tu chenye maji. Kila mnyama alikimbilia huko, na mwenye vyumba vya kupangisha huko alikuwa mmoja: Fisi.

Fisi alilia njaa kuliko wote. Kumbe darini, juu ya chumba alichompangisha Sungura, alikuwa ameficha rundo la nyama kavu. Kwake hakuthubutu kuiweka, maana alizijua pua za shemeji zake.

Harufu ile ikawaita panya. Wakatoboa ukuta wa udongo, wakahamia na wake zao, wakwe zao na ngoma zao. Wakatafuna mkeka wa Sungura, kisha wakaonja na masharubu yake.

"Baba mwenye nyumba," Sungura akalalamika, "niletee fundi azibe matundu. Panya watanimaliza!"

Fisi akashtuka. Fundi akija, si atachungulia darini?

"Panya umekuja nao mwenyewe," akajibu.

"Mimi? Nimekuja na kibuyu na sufuria!"

Wakafikishana kwa Simba, aliyependa kukata kesi kuliko kuzisikiliza.

"Mfalme," Fisi akaapa, "chochote kilichomo chini ya paa lile ni cha mpangaji. Panya wake, mende wake, hata buibui ni wake. Changu mimi ni kuta tu."

"Imepita!" Simba akanguruma. "Na nikishasema, nimesema."

Sungura akainama kwa adabu, akarudi nyumbani, akapanda darini kuwafukuza panya wake. Muda si muda Fisi akamsikia akiita, "Jamani majirani, njooni na vyungu! Panya wangu wananitunzia nyama!"

Roho ikamruka Fisi. Mlangoni wanyama walishajaa, Simba mbele na sinia lake. Akazunguka nyuma ya nyumba, akachomeka kichwa katika tundu la panya, akasukuma. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Ndani, panya wakaanza kumtekenya masikio.

"Nitoeni! Nyama yangu, jamani, nyama yangu!"

"Iko wapi hiyo nyama yako?" Simba akauliza.

"Darini, mfalme."

"Na dari iko chini ya nini?"

"Ya paa," Fisi akanong'ona.

Wakamshika mkia, wakavuta. Fisi akatoka, na ukuta mzima ukatoka naye. Panya wakatimka porini wakipiga chafya kwa vumbi.

"Kuta ni zako, ulisema mwenyewe," Simba akamwambia. "Jenga."

Majirani wakala mpaka wakacheua. Fisi akakanyaga udongo, jasho na mate vikimtiririka pamoja, huku Sungura akimwelekeza kwa mfupa: "Hapo, baba mwenye nyumba, ongeza kidogo. Hapo panya anapita."

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.