Bi Pimbi na Ombi la Bwana Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na kompyuta lakini hawana subira, Bi Pimbi aliishi jabalini na watoto wake wanne. Kompyuta ya kijiji kizima ilikuwa sebuleni kwake. Basi kutwa ni hodi, hodi! Kila anayekuja ana swali lilelile la jana. Bi Pimbi alikuwa amechoka hoi.

Asubuhi moja ikatoka amri ya Mfalme Simba: kila mwenye makazi aombe hati kwa mtandao. Makazi yakiombwa na wawili, atapewa aliyetangulia. Mwisho saa sita mchana.

Bi Pimbi hajakaa hata kitini, puu! Bwana Chui huyo ndani, bila hodi.

"Nionyeshe kuandika ombi. Nalitaka jabali hili. Na ukinidanganya neno moja tu, nakutafuna!"

Moyo wa Bi Pimbi ukapiga paa! Akawatazama wanawe wanaocheza mlangoni. Angewapeleka wapi? Alitamani kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu.

"Kaa, Bwana Chui. Hiki ni kipanya, kinasogeza ule mshale kwenye skrini."

Chui akakinusa, fnf, fnf. "Mbona hakina nyama?"

"Hakina. Na hiki ni kivinjari, mlango wa kuingilia mtandaoni. Sasa weka nenosiri. Ndio ufunguo wako, usimwambie mtu."

"CHUI MKUBWA!" akanguruma, kijiji kizima kikasikia.

Bi Pimbi akafumba macho kidogo. Akamwelekeza herufi moja moja mpaka ombi likaisha.

"Sasa, kuhifadhi ni kuweka kazi yako kabatini isipotee. Halafu kuna neno moja limebaki..."

"Nyamaza! Maneno, maneno! Mimi ni mtoto wa chekechea?"

"Kwa hiyo nisilieleze?"

"Ukilieleza nakutafuna!"

"Haya, baba. Bonyeza hapa."

Ta! Skrini ikaandika: Imehifadhiwa.

Bi Pimbi akajikaza akapiga kigelegele. "Aliliiliii! Imehifadhiwa!" Chui akatoka anacheza, mkia juu.

Bi Pimbi akavuta kiti. Akaandika ombi lake, mistari mitatu tu, akabonyeza Tuma. Fyuu! Likaenda.

Saa saba ikaingia barua pepe ya Mfalme: jabali ni la Bi Pimbi, na atakayemgusa atamjibu Simba mwenyewe. Habari zikamfikia Chui, akaja mbio mpaka mlangoni, anahema.

"Mwongo wewe! Ombi langu liko wapi?"

"Kabatini, ulikoliweka. Ulihifadhi, hukutuma. Nimekudanganya neno gani?"

Chui akakaa chini. Kisha kwa sauti ndogo akauliza, "Kutuma ndiyo nini?"

"Njoo kesho, Bwana Chui," Bi Pimbi akasema, akirudisha mlango. "Leo nimechoka."

Basi wanangu, ukifundishwa sikiliza mpaka mwisho, hata kama anayekufundisha hafiki gotini kwako.