Mtumbwi Uliokuwa Mwiko Kupandishwa Nchi Kavu

Kaeni, masikio wazi. Wewe unayetafuna, unatafuna nini? Nionyeshe. Haya. Zamani, zamani hizo ziwa lilipokuwa bado linawajua watu kwa majina, palikuwa na mjane, Nyangeta. Ana watoto wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mtumbwi wa marehemu mumewe ulikuwa umeoza, na pasipo mtumbwi hapana samaki.

Jirani yake Magoti alikuwa akiuza mtumbwi mkuukuu wa mbao, umepakwa mafuta, unang'aa.

"Nataka ng'ombe wako tu, dada yangu."

Mmeisikia hiyo "tu"?

"Upandishe nchi kavu niuone tumbo," akasema Nyangeta.

"Mwiko! Mtumbwi wa ukoo wetu haupandishwi. Lakini fundi Mafuru huyu hapa, atakukagulia."

Mafuru akagonga ubao, ko ko ko. "Mzima." Akagonga tena, ko ko ko. "Mzima, dada." Kisha akaenda kula kwa Magoti. Na dada yake Mafuru, wajukuu zangu, aliolewa na nani? Na Magoti! Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Nyangeta akaingiwa na shaka. Akavuka kilima kumwita mzee Kasigwa, mchonga mitumbwi, asiye na ndugu wala ugomvi upande huu. Kasigwa akaja. Akakataa uji wa Magoti, akakataa na maziwa ya Nyangeta.

"Ubao ukikaa majini huvimba, nyufa zikajificha," akasema. "Upandishwe, ukauke, tuujaze maji ndani."

"Mwiko!" Magoti akafoka.

"Basi na ng'ombe wangu ni mwiko kutoka zizini," akajibu Nyangeta.

Tamaa ya ng'ombe ikamshinda Magoti. Watu wakakusanyika, mtumbwi ukapandishwa, jua likauwakia, ukajazwa maji. Lo! Maji yakachuruzika chini, chururu, chururu, udongo uliozibia nyufa ukidondoka mabonge mabonge.

"Ni jua hilo!" akalia Magoti. "Ziwani hauvuji!"

Hasira zikampanda Nyangeta, maana moyoni aliwaona wanawe wakizama ziwani na mtumbwi ule.

"Mafuru, wewe uliyesema mzima. Panda na mkeo na watoto wako, mfike kisiwa kile mrudi. Mkirudi, ng'ombe wenu."

Mafuru akalitazama ziwa. Akamtazama mkewe.

"Leo mguu unaniuma," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Nyangeta hakucheka, alimrudisha ng'ombe wake zizini, akawakamulia wanawe. Baadaye Kasigwa alimchongea mtumbwi mpya, akalipwa ndama.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukinunua cha mtu, usikubali muuzaji akuchagulie na macho ya kukitazamia.

Kisa changu nakiegesha hapa. Atakayekichukua, akipindue kwanza aone tumbo lake.