Mfuko Ubavuni mwa Kiota

Zamani sana, wanangu, nyoka alipokuwa bado anapiga hodi mlangoni, ilifika Alhamisi moja ya masika. Saa moja na robo asubuhi, mzee Mbaruku aliinama kuchuma jani la nyasi. Akalala hapohapo, asiamke tena.

Huyu Mbaruku alikuwa mnana, ndege mdogo wa manjano anayefuma kiota kama mtu anavyosuka kikapu. Alimlea mpwa wake yatima, Tindi, akamfundisha kazi hiyo. Alimfundisha kuchagua nyasi mbichi, maana kavu hukatika zikifungwa fundo. Alimfundisha kuanza na kitanzi kwenye ncha ya tawi, juu ya maji, na mlango kuuelekeza chini.

Tindi alikuwa mzito wa kujifunza. Kiota chake cha kwanza kilichukuliwa na upepo. Cha pili, wanana wa kike walikuja kukivutavuta kwa midomo, kama ilivyo desturi yao kabla ya kukubali posa, wakaondoka wakicheka. Cha tatu alisahau akauweka mlango ubavuni. Alipotambua, aliuziba kwa ndani na kufungua mwingine chini. Ule wa ubavuni ukabaki mfuko tu, usiokwenda popote.

Akaona haya, akataka kuufumua. Mjomba wake akautazama kwa muda mrefu.

"Uache," akasema. "Kosa likikubakia mkononi, lipe kazi."

Kiota hicho Bi Sikudhani alikivuta mara tatu, kikamshinda kung'oa, akakubali kuolewa na Tindi. Siku ile mjomba alipokufa, ndani mlikuwa na makinda matatu, bado hayajafumbua macho.

Siku ya tatu ya matanga, jirani yao Kanga alipita na habari. Chatu atakuja jioni kutoa rambirambi.

"Mwezi jana alikwenda kwa Njiwa kutoa pole," Kanga akasema. "Hakubaki hata wa kupewa hiyo pole."

Bi Sikudhani alimwambia mumewe wakimbie. Kisha akayatazama makinda yasiyo na manyoya, akayafunika kwa mbawa. Tindi alimlilia mjomba wake moyoni, kwa kuwa ndiye angemuuliza. Jicho lake likatua kwenye ule mfuko. Akasema Bismillahi, akaanza kufungua mafundo yaliyoushika kiotani, moja baada ya jingine. Akabakisha mawili tu.

Jioni Chatu akaja, mzito, mpole, akiburuta tumbo juu ya tawi. Akapiga hodi. Tindi akaruka nje na kumwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, Bwana Chatu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba." Ulimi wake ukachungulia. "Nasikia nyumba zenu mlango wake uko chini."

"Ule ni wa uani, mzee. Huko wako wanawake na watoto. Mgeni mwanamume wa heshima kama wewe huingia mlango wa mbele." Akamwonyesha ule mfuko.

Chatu alifurahi kuitwa mtu wa heshima. Akazungusha mkia kwenye tawi, akanyoosha shingo, akaingiza kichwa.

"Mbona ni giza?"

"Ukumbi wetu mrefu, mzee. Sogea ndani kidogo."

Akasogea.

"Sioni mtu."

"Sogea tu. Wafiwa wako mwisho."

Chatu akalegeza mkia apate kufika, akaulemea mfuko kwa uzito wake wote. Fundo la kwanza likalia ta. La pili likalia ta. Mfuko ukang'oka, na Chatu pamoja nao, chubwi! Kiota kikayumba, kikatulia. Hakuna hata uzi wake mmoja uliofumuka.

Chatu akaibuka majini, mfuko umembana mpaka shingoni. Alikwenda akijigonga kwenye mizizi, Kanga akimfuata ukingoni.

"Bwana Chatu, hiyo kofia kakushonea nani?"

Hakurudi tena pale.

Asubuhi Tindi alisimama pale kwenye nyasi alipofia mjomba wake, akamshukuru Mungu kwa kumpa mwalimu aliyemvumilia. Makinda yake yalipokua yakaanza kufuma vibaya, hakuyacheka. Aliyaambia, "Liacheni kwanza kosa hilo, tulitazame."

Mwalimu mwema hukufundisha kazi, kisha hukufundisha kulitumia kosa lako.

Hadithi hii, wanangu, alikuwa akinipa bibi yenu, nikikaa karibu naye kujifunza kusuka mkeka. Nilikosea mistari mingi, naye hakunipokonya ukili hata siku moja. Ewe Mola, mrehemu yeye na wote waliotufundisha kwa subira. Wape nyumba ambayo hakuna adui ajuaye mlango wake, nasi utukutanishe nao humo. Amina.